Karatasi ya Moyo Usiiache Kwenye Joto

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Ishiara)



Nimeombwa niseme juu ya ule mchango. Mnakumbuka katika mkutano uliopita vikundi vitatu vilitoa wazo kwamba tuchange, tununue kile kidude kidogo kinachoshikwa kwa vidole na kuonyesha mapigo ya moyo kwenye simu. Mwenyekiti akaniambia, "Madam, kwanza utueleze hicho kitu kinafanya nini, ndipo tutoe pesa." Amesema vizuri. Mimi si daktari, nilisomea diploma ya kazi za jamii. Lakini nimeuliza wauguzi, nimeuliza daktari, nimesoma, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo pengine nisingefuatilia mambo haya.

Yuko mama mmoja wa huku kwetu. Wengi mnamjua, na ameniruhusu kusimulia, ila jina nitaliacha. Ni mkulima wa ndengu kama nyinyi. Alipokuwa msichana aliugua koo, na baada ya wiki chache viungo vikavimba, leo goti, kesho kiwiko. Akapona, wakasahau. Alipofika miaka 38 akaanza kuchoka akipanda kilima kidogo tu, na usiku mwingine moyo ulimpiga ovyo ovyo hata akalala ameketi. Majirani wengine walisema ni presha, wengine wakasema kuna mtu amemwendea kwa mganga. Katika zahanati moja alilazwa kitandani, akabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikatoa karatasi yenye miraba midogo ya rangi ya waridi. Hiyo ndiyo inaitwa ECG. Muuguzi aliitazama, akanyamaza kidogo, akaandika barua: mapigo si ya kawaida, tafadhali mwoneni. Hakuandika zaidi, kwa sababu karatasi yenyewe ndiyo iliyokuwa na maneno.

Mama alinipa niitunze, na mimi nikaona nimeitunza. Niliitia katika mfuko wa plastiki nikaiweka juu ya kabati la chuma, kando ya dirisha. Ofisi yangu ni ya mabati, na joto la Ishiara la mwezi wa pili mnalijua. Tulichukua miezi minne kupata nauli na pesa za daktari mkubwa, mpaka mzunguko wa kikundi ukamfikia yeye. Tulipofika nikaitoa ile karatasi, nikaiweka mezani kwa daktari. Ilikuwa tupu. Mahali pengine imepauka, mahali pengine imekuwa kijivu kama moshi, na mstari wa moyo hauonekani hata kidogo.

Karatasi ile haiandikwi kwa wino. Ni karatasi inayobadilika rangi ikiguswa na joto, kama risiti za dukani. Joto lililoandika ndilo linalofuta, likisaidiwa na jua, mafuta na mifuko ya plastiki. Mimi sikujua, na hakuna aliyeniambia.

Siku hiyo moyo wa mama ulipiga sawa sawa. Mashine ya pale ikaandika juu ya karatasi mpya kwamba ni kawaida. Daktari alisikia mlio kwenye mlango wa moyo, akaandika apigwe picha ya moyo, na foleni ya picha ikawa wiki saba. Dawa ya kuzuia damu isigande hakuiandika, maana mbele yake hapakuwa na ushahidi wa mapigo mabaya. Simlaumu. Wiki ya tano, alfajiri, mama akaanguka jikoni. Mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yakapotea.

Sasa tuelezane. Moyo una stima yake yenyewe, na hiyo haina bili. Kila pigo linaanza na amri ndogo ya stima kutoka chumba cha juu cha upande wa kulia. Amri inapita katika vyumba viwili vya juu navyo vinakaza, inangoja kidogo, kisha inashuka kwenye vyumba viwili vya chini ambavyo vinasukuma damu. Kwenye karatasi, vyumba vya juu huandika kilima kidogo, na vyumba vya chini huandika kilele kirefu chembamba kama ncha ya mkuki. Baadaye kuna kilima kingine, moyo unapojiandaa kwa pigo lijalo. Madaktari wanaviita kwa herufi P, Q, R, S na T. Herufi hizo zilitoka kwa daktari wa Uholanzi, Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Mashine yake ilijaza chumba, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Na mwaka 1905 alipitisha stima ya moyo katika waya wa simu, kutoka hospitali mpaka maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba kupima moyo kwa simu ni jambo la jana, mjue lina zaidi ya miaka mia moja.

Shida ni kwamba stima hiyo, ikifika kwenye ngozi, ni kidogo mno. Betri moja ya tochi ni volti moja na nusu. Stima ya moyo kwenye kifua ni kama sehemu moja ya elfu ya volti. Tena inakuja imechanganyika na takataka. Misuli nayo ina stima, kwa hiyo ukitetemeka kwa baridi au kwa woga, au ukizungumza, misuli inaandika vijimstari vyake juu ya vile vya moyo. Ukipumua kwa nguvu, mstari wote unapanda na kushuka polepole kama barabara ya vilima. Na stima ya ukutani hapa Kenya, ambayo inabadilika mara 50 kwa sekunde, inaingia katika waya za mashine na kujaza karatasi na meno kama ya msumeno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mashine ni kupepeta. Akina mama, hapa mnajua kuliko mimi. Ndengu zikitoka kupurwa zina makapi, vumbi na mawe. Upepo mdogo unaondoa vumbi na kuacha makapi. Upepo mkubwa unaondoa makapi, lakini na zile ndengu nyembamba zinaondoka pamoja nayo. Mashine inapepeta kwa hesabu. Kinachobadilika polepole sana, kama pumzi, inakitoa. Kinachobadilika haraka sana, kama misuli, inakipunguza. Kile cha mara 50 kwa sekunde inakiondoa chenyewe peke yake. Mpimaji akiongeza kupepeta ili karatasi ipendeze, vilele virefu vitabaki, lakini vile vilima vidogo vya vyumba vya juu vinaweza kupotea au kubadilika umbo. Na ugonjwa tunaoutafuta unaonekana hasa katika vilima hivyo vidogo. Karatasi safi sana si lazima iwe karatasi ya kweli.

Niseme kando jambo moja kwa kamati zinazopokea misaada. Stima ya Marekani inabadilika mara 60 kwa sekunde, si 50. Mashine ikitoka huko imepangwa kwa 60, na hapa hakuna aliyeibadilisha, itapepeta takataka ambayo haipo na kuacha iliyopo. Mara nyingi ni kubonyeza tu kwenye mipangilio. Kabla ya kuandika barua ya shukrani, ulizeni.

Baada ya kupepeta, mashine inatafuta vilele virefu na kupima nafasi kati ya kilele na kilele. Njia moja inayojulikana sana iliandikwa mwaka 1985 na Jiapu Pan na Willis Tompkins huko Marekani. Kompyuta inatazama mahali mstari unapopanda kwa ghafla, inakuza mpando huo, na kila mara inarekebisha kipimo chake kufuatana na vilele vilivyotangulia, ili isidanganywe na takataka. Walipoijaribu ilipata zaidi ya 99 kwa 100 ya mapigo. Lakini rekodi walizojaribia zilikuwa 48, za nusu saa kila moja, za watu 47 waliopimwa katika hospitali ya Boston kati ya 1975 na 1979. Mama anayetetemeka kwenye benchi baridi baada ya kusafiri toka alfajiri hakuwa mmoja wao.

Nyinyi wenyewe mnaweza kupima nafasi hizo, ukiwa umeenda shule ama hukuenda. Karatasi kwa kawaida inatembea milimita 25 kwa sekunde. Mraba mkubwa, ule wenye miraba midogo mitano kila upande, ni sehemu ya tano ya sekunde, na dakika moja ina miraba mikubwa 300. Kama kati ya kilele na kilele kuna miraba minne, gawanya 300 kwa 4, unapata mapigo 75 kwa dakika. Muuguzi aliyempima mama yetu alinieleza baadaye alichokiona: miraba miwili, kisha mitano, kisha mitatu, kisha miwili tena, kisha minne. Hakuna mpango. Na mahali pa vile vilima vidogo vya vyumba vya juu palikuwa na mtetemo tu.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Kwenye kadi ya hospitali huandikwa herufi mbili, AF. Vyumba vya juu vinaacha kukaza pamoja, vinatetemeka tu, amri za stima zikizunguka ndani yake mara 350 mpaka 600 kwa dakika. Vyumba vya chini vinapokea baadhi ya amri hizo bila utaratibu. Damu katika chumba cha juu inatulia, na mnajua maji ya dimbwi yasiyotiririka wakati wa kiangazi yanakuwaje. Damu inayotulia inaganda. Bonge dogo likitoka hapo na kufika kwenye ubongo, ni kiharusi. Mtu mwenye AF ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya yule asiye nayo, na kama mlango wa moyo ulishaharibiwa na ile homa ya utotoni, hatari inazidi sana.

Wengine husema huo ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Ulaya, ndiyo, ni wa wazee zaidi. Kwetu ni tofauti. Kati ya 2010 na 2012 hospitali 25 katika nchi 14, Kenya ikiwa moja, ziliandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa hiyo ya viungo. Nusu yao walikuwa hawajazidi miaka 28 hivi. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Na karibu mmoja katika kila watano alikuwa na AF. Hao ni watu wa umri wa kulea na kulima. Ndiyo sababu koo la mtoto likiuma na lina homa, msiseme litapoa lenyewe. Apelekwe apewe dawa. Na aliyekwisha kuugua ile homa ya viungo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, hata akijisikia mzima.

Narudi kwa ile karatasi iliyosema kawaida. Mashine haikusema uongo. ECG ya kawaida inaandika kama sekunde 10, yaani mapigo 12 kwa mtu aliyetulia. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Kwa watu wengi AF inakuja na kuondoka, asubuhi ipo, jioni haipo. Ukichungulia soko letu kwa sekunde 10 usiku wa manane, utasema Ishiara hakuna soko. Ndiyo maana kuna mashine nyingine ya kuvaliwa siku nzima na usiku wake, iliyoanzishwa na Norman Holter wa Marekani, aliyetangaza kazi yake mwaka 1961. Hospitali kubwa ndizo zinazokuwa nayo. Mtu akikuambia karatasi yako ni kawaida lakini wewe bado unasikia moyo unaruka, usione haya kumwambia daktari: ulinipima wakati haujaruka.

Sasa kidude cha simu. Kinasoma kama nusu dakika, kwa njia moja tu, kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kinaweza kuonyesha mpangilio wa mapigo. Hakiwezi kukuhakikishia kwamba huna shambulio la moyo, na mtu mwenye maumivu makali ya kifua asikae hapa akishika kidude, apelekwe. Mwaka 2017 watafiti wa nchi mbalimbali walishindana kutengeneza programu za kusoma rekodi fupi za namna hiyo, 8,528 walizopewa kujifunzia. Kila rekodi ilitakiwa iwekwe katika fungu moja kati ya manne: sawa, AF, tatizo jingine, au takataka tupu isiyosomeka. Walioshinda walipata alama kama 83 kwa 100. Si mbaya, lakini si hakimu. Mimi lile fungu la nne ndilo nililolipenda, kwa sababu mashine inayokubali kusema "hii siwezi kusoma" ni afadhali kuliko ile inayosema "kawaida" ili uende nyumbani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kuyakataa. Tusinunue mwaka huu. Kidude kikisema AF siku ya soko, nani atasoma tena ahakikishe? Nani atamwandikia mtu dawa? Dawa yenyewe, kwa mtu ambaye mlango wa moyo wake umekuwa mwembamba kwa ile homa, ni warfarin, ya zamani. Mwaka 2022 yalitolewa majibu ya utafiti wa nchi 24, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na moyo wa namna hiyo. Walilinganisha dawa mpya, rivaroxaban, na zile za zamani za aina ya warfarin, na waliokuwa kwenye zile za zamani ndio waliokufa wachache zaidi. Lakini warfarin inataka kupimwa damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR, ambacho kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Ikiwa chini, damu itaganda. Ikiwa juu sana, mtu anaweza kutokwa damu. Haipatani na dawa nyingi za maumivu wala miti shamba inayochanganywa kiholela. Mwanamke anayetaka mtoto amwambie daktari kabla, kwa sababu inaweza kumdhuru aliye tumboni. Nauli ya kwenda kupimwa INR ndiyo inayowashinda watu wetu. Pesa za mchango zikae kwenye mfuko wa nauli hiyo. Nimefanya hesabu na mweka hazina, na zitabeba watu wanne kwa mwaka.

Kidole mnacho bure. Weka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ukiwa umeketi umetulia, uhesabu dakika nzima. Usihesabu tu, sikiliza mwendo. Moyo mzima ni kama akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu na wa yule, hawagongani. Kwa kijana mwendo unaweza kuongezeka kidogo akivuta pumzi na kupungua akiitoa, hiyo si kitu. Lakini ukisikia kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati, moja, kisha mawili, kimya, kisha matatu, na hujui lijalo litaanguka lini, mpeleke mtu huyo apimwe. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wana mashine za presha, na baadhi ya mashine hizo huonyesha alama ya moyo mdogo mapigo yakikosa mpangilio. Watazame alama hiyo, si namba tu.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijaanza kama muguka unahusika. Mzee, najua karo za shule zinatoka wapi hapa Mbeere, kwa hiyo sitasema mengi. Muguka unafanya moyo kwenda mbio na presha kupanda. Ukienda kupimwa umetafuna, mwambie mpimaji, na ukiwa na AF uache.

Siku ya kupimwa, nenda mapema upumzike. Nawa mafuta kifuani, maana vibandiko havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Omba blanketi kama kuna baridi, usizungumze, na simu iwekwe mbali. Karatasi ikitoka, muombe muuguzi aandike kwa kalamu jina, tarehe, saa, na ulikuwa unasikia nini wakati huo. Ipigwe picha kwa simu hapo hapo, iwe ya mtoto wako au ya jirani. Kisha upite pale wanapotoa fotokopi, utoe nakala mbili. Nakala haifutiki kwa joto. Moja kaa nayo, na nyingine ulete ofisini. Zile za asili mkitaka kuniletea pia nitazipokea, lakini sasa nina sanduku la mbao, na liko chini ya meza, mbali na dirisha.

Yule mama ameketi pale nyuma. Anatumia warfarin, na maneno yamerudi mengi, ingawa ndengu anapepetewa na binti yake. Amekuja na kadi yake ya INR. Anayetaka kuona inavyojazwa amwone sasa, kabla gari la saa nane halijaondoka.